Kuuza au kununua meli kuvuka mpaka: njia ya makaratasi kutoka daftari moja hadi lingine

Nikisema hapa Lubumbashi kwamba nakula kwa makaratasi ya meli, watu wanacheka. Bandari iko wapi? Kutoka hapa hadi Kalemie ni safari ya treni kupitia Kamina na Kabalo, na anayeijua treni hiyo anajua kwamba haihesabiwi kwa saa. Lakini SNCC, yenye reli hiyo pamoja na bandari ya Kalemie, makao yake makuu yako hapa hapa mjini. Wafanyabiashara wanaopitisha unga na simenti ziwa Tanganyika, au wanaochukua samaki wa Mweru pale Kilwa na Pweto, wengi wana nyumba zao hapa na benki zao hapa. Meli inaelea kule, mwenyewe anakaa hapa, na makaratasi yanamfuata mwenyewe.

Mwongozo huu ni wa yule anayetaka kununua meli iliyoandikwa Zambia, Tanzania au Burundi ailete upande wetu wa Kongo, au anayetaka kuuza yake upande wa pili. Nitachanganya na mambo ya bahari kuu, kwa kuwa desturi za ziwani zimetoka huko, na mifano mikubwa iko huko.

Kosa ninaloliona kuliko yote ni hili: mtu anamaliza kulipa kabla Leta, yaani serikali, ya kule haijaiachia meli. Miaka kadhaa iliyopita aliingia ofisini kwangu kijana mmoja aliyenunua boti ya chuma Mpulungu, Zambia, kusini kabisa mwa ziwa Tanganyika, akaileta Moba, upande wetu. Alikuwa na risiti, alikuwa na barua ya mauzo yenye saini na dole gumba, alikuwa hata na picha ya siku ya makabidhiano, watu wanapeana mikono. Miezi miwili baadaye aliirudisha Mpulungu kuchukua mzigo, ikafungwa kamba gatini na haikuondoka. "Papa, franga tulilipaka yote," akaniambia, "sasa banatafuta nini tena?"

Walichokitafuta ni deni. Muuzaji alikuwa ameiweka boti ile rehani benki, na rehani ilikuwa imeandikwa katika daftari. Nilipofika kuiona, jina la zamani lilikuwa limefunikwa kwa rangi ya buluu tabaka mbili. Lakini herufi zake zilichomelewa juu ya bamba la tezi, nyuma ya boti, siku boti ilipoundwa, kwa hiyo ukipitisha kidole unalisoma lote, jina na bandari yake. Afisa wa bandari hakuomba karatasi yoyote. Alipitisha kidole tu.

Hatua ya kwanza: tenganisha vitu vitatu

Umiliki ni kitu kimoja, daftari ni kingine, bendera ni kingine. Umiliki ni mkataba kati ya muuzaji na mnunuzi. Daftari ni kitabu cha nchi ambamo meli imeandikwa: jina, vipimo, mwenyewe, na madeni yaliyoishikilia. Bendera ni haki ya kusafiri chini ya ulinzi na sheria za nchi hiyo, nayo inatokana na kuandikwa, haitokani na kitambaa kilichofungwa mlingotini.

Vitu hivi vinaweza kuachana. Meli inaweza kubadilisha mwenyewe ikabaki daftari lile lile, kama Mtanzania akimuuzia Mtanzania mwenzake. Inaweza kubadilisha bendera mwenyewe akabaki yule yule. Tajiri wa Ugiriki mwenye meli Liberia hajaiuza kwa mtu. Tena kuna njia ya katikati, ya kukodi meli tupu bila mabaharia, ambapo baadhi ya nchi hukubali bendera ya kwanza ilale kwa muda na nyingine ipepee. Njia hiyo ina mitego mingi. Kama ni meli yako ya kwanza, achana nayo.

Kabla ya kuuliza bei, jiulize unabadilisha kipi. Makaratasi yote yanategemea jibu hilo.

Hatua ya pili: jua kwa nini Leta inaingilia biashara ya watu wawili

Wateja wangu huona ruhusa ya serikali kama mlango wa kuombea pesa tu. Sitasema hakuna wanaoutumia hivyo. Lakini mlango wenyewe ulijengwa kwa sababu.

Wakati wa vita ya kwanza ya dunia bei ya kusafirisha mizigo ilipanda sana, na wenye meli wakaanza kuziuza kwa yeyote mwenye pesa. Uingereza ikatunga sheria ya kuzuia uhamishaji wa meli zake mwaka 1915. Marekani ikafuata kwa sheria yake ya meli ya mwaka 1916: meli iliyoandikwa Marekani na kumilikiwa na raia wake isiuzwe kwa mgeni, wala isihamishiwe bendera ya nje, bila idhini ya serikali. Sheria hiyo haikufa vita ilipoisha. Leo kazi hiyo iko kwa idara iitwayo MARAD, chini ya Wizara ya Uchukuzi. Inaangalia mnunuzi ni nani, ni wa nchi gani, meli inaenda bendera gani na kwa kazi gani. Meli ndogo na za starehe nyingi zinapita kwa idhini ya jumla bila kusumbuliwa. Kwa meli kubwa idhini huja na masharti. Anayehamisha bila idhini anaweza kunyang'anywa meli yenyewe. Uhindi nayo iliweka katika sheria yake ya mwaka 1958 kwamba meli ya Kihindi haihamishwi bila serikali kukubali.

Kwa hiyo ukinunua meli ya nchi yenye sheria ya namna hii, mkataba wako mzuri wa notari unaweza kuwa karatasi ya kufungia karanga.

Ziwa letu lenyewe linalo somo la vita. Meli ya Wajerumani Graf von Goetzen iliundwa Papenburg, ikaletwa Kigoma vipande vipande katika makasha 5,000, ikateremshwa majini mwaka 1915. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha wasije wakaiacha mikononi mwa adui. Wabelgiji walijaribu kuiinua. Waingereza wakaipata mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Meli ilihama mamlaka mara kadhaa bila kutoka ziwani na bila mtu kumwita notari. Tanganyika ina urefu wa kilomita 673 na nchi nne, na mto wake wa kutokea, Lukuga pale Kalemie, haupitishi meli. Chombo kilichozaliwa humo kitazeekea humo. Kinachosafiri ni jina na daftari lake, ndiyo maana maafisa wa ziwa wanavikariri vyombo kama wachungaji wanavyokariri ng'ombe.

Hatua ya tatu: soma daftari, usisome uso wa muuzaji

Omba nakala rasmi ya ukurasa wa meli katika daftari la nchi ilikoandikwa. Kwa Tanzania bara ofisi ni TASAC. Zanzibar ina mamlaka yake ya bahari, na daftari lake ni lingine. Nakala iwe mpya, ya siku chache kabla ya kusaini. Nakala ya mwaka jana inaonyesha madeni ya mwaka jana.

Tafuta mambo manne: jina la mwenyewe kama liko sawa na la anayekuuzia, kama ni kampuni, nani ana haki ya kutia saini, hisa, kwa sababu katika madaftari yaliyofuata mtindo wa Kiingereza meli hugawanywa hisa 64 na unaweza kuuziwa 32 bila kujua, na rehani. Rehani iliyoandikwa inafuata meli, haimfuati mtu. Hata ukiwa mnunuzi mwenye moyo mweupe, benki itaifuata meli kwako.

Kuna madeni mengine yasiyoonekana daftarini, na makali zaidi ni mishahara ya mabaharia. Karibu kila nchi yenye sheria za meli inawapa mabaharia haki ya kuidai meli yenyewe. Mimi huenda gatini jioni, bila muuzaji, nikawanunulia mabaharia chai na kuuliza walilipwa lini mara ya mwisho. Gharama yake ni chai.

Kisha ingia ndani ya chombo. Meli za bahari zina namba ya IMO, shirika la Umoja wa Mataifa la mambo ya bahari, yenye tarakimu saba, isiyobadilika tangu meli inapoundwa hadi inapovunjwa, hata ibadilishe jina mara kumi. Ina ujanja wake: zidisha tarakimu sita za kwanza kwa 7, 6, 5, 4, 3 na 2, jumlisha, na tarakimu ya mwisho ya jumla lazima iwe ile ya saba. Chukua 8205149, niliyoitunga tu: 56, 12, 0, 20, 3 na 8, jumla 99, na mwisho wake ni 9. Imekubali. Niliwahi kuletewa cheti cha tishari la bahari ambacho hesabu yake ilikataa, nikakirudisha bila kusoma mstari wa pili.

Vyombo vingi vya ziwani havina namba hiyo. Kwa vile vilivyoandikwa kwa mtindo wa Kiingereza, Zambia na Tanzania, tazama boriti kuu chini ya sitaha: namba rasmi na tani hukatwa humo kwa patasi au kuchomelewa. Beba tochi na brashi ya waya. Kama boriti ina alama ya kusagwa, funga daftari lako urudi nyumbani.

Hatua ya nne: omba ruhusa ya kutoka kabla ya ruhusa ya kuingia

Watu wanaanza kwa kutafuta cheti cha Kongo. Geuza. Karatasi ya kwanza ni ile ya nchi ya zamani inayosema haina kizuizi meli itoke, na mwisho wa safari ni hati ya kufutwa katika daftari lake. Bila hati hiyo msajili makini hakuandiki. Asiye makini akikuandika, umebaki na meli yenye mataifa mawili, na hapo ni hatari. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa sheria ya bahari, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 1989, unasema meli isafiri chini ya bendera ya nchi moja tu, na isiibadilishe katikati ya safari au ikiwa bandarini njiani, isipokuwa umiliki au daftari vimebadilika kweli. Anayetumia bendera mbili kwa kadiri anavyopenda anahesabiwa kama hana hata moja. Mkataba huo ni wa bahari, lakini maafisa wa maziwani wanaufuata mantiki yake.

Katika ombi la kutoka muuzaji aeleze mnunuzi ni nani hasa, pamoja na watu walio nyuma ya kampuni, daftari jipya, kazi ya meli, na ithibati kwamba rehani imelipwa au benki imekubali. Kama meli inaenda kuvunjwa, iandikwe hivyo. Tangu 26 Juni 2025 mkataba wa Hong Kong wa kuvunja meli umeanza kufanya kazi, na nchi zinauliza zaidi. Meli nyingi zinazoenda kufia fukwe za Alang, Uhindi, au Chattogram, Bangladesh, hubadilishiwa bendera kwa safari ile moja ya mwisho, ili kukwepa maswali ya bendera ya zamani.

Ombi liandikwe na muuzaji. Mnunuzi akilishika yeye, muuzaji akishapokea pesa hapokei tena simu.

Hatua ya tano: panga pesa zifuate karatasi

Katika biashara ya meli za bahari, mkataba unaotumika sana, ule wa Norwei, una desturi ya amana ya asilimia 10 inayowekwa mahali pa tatu, na salio kulipwa siku ya makabidhiano. Kwa vyombo vya ziwani mimi hugawa mara tatu: amana kwenye akaunti ambayo hakuna mmoja anayeweza kuitoa peke yake, sehemu kubwa siku meli inapokabidhiwa pamoja na hati ya mauzo na ithibati ya rehani kuondolewa, na sehemu ya mwisho, isiyopungua kiasi cha kumuuma muuzaji, siku hati ya kufutwa inapofika mkononi. Wauzaji watanuna. Muuzaji msafi hununa kidogo tu.

Siku ya makabidhiano andika saa na dakika, kiasi cha mafuta tangini, na saa za injini. Moto ukitokea jioni hiyo, swali la nani aliyekuwa mwenyewe saa tisa alasiri litakuwa na jibu.

Pesa zipite benki. Upande wetu Benki Kuu ya Kongo inataka tamko la ununuzi kutoka nje, fomu ya IB, kupitia benki ya biashara. Ukiuza nje ni fomu ya EB. Najua watu wanaovuka na dola katika gunia la mahindi. Siku ya kuandikisha meli wanaulizwa zilipitia wapi, na gunia halitoi risiti.

Hatua ya sita: iingize nyumbani

Hapa nitakwenda haraka, maana mwenye hatua tano za kwanza mkononi hapotei. Meli iliyonunuliwa nje ni bidhaa kama gari: itangazwe forodhani, DGDA, na OCC, ofisi ya ukaguzi wa bidhaa, waikague. Sheria zetu za msingi ni mbili, zote za tarehe 14 Machi 1966: moja ya meli za mito na maziwa, nyingine ya meli za bahari. Chombo cha Kalemie, Moba au Kilwa kinaingia katika ile ya kwanza. Anza kwa komiseri wa ziwa wa bandari yako. Atakuambia faili lina upungufu gani kabla halijaenda Kinshasa, kwenye Wizara ya Uchukuzi. Chombo kitapimwa upya, na hapo wengi hushtuka: tani za daftari si uzito wa chombo wala mzigo wake, ni kipimo cha nafasi iliyofunikwa ndani. Ukijenga kibanda cha abiria juu ya sitaha, tani zinapanda, na ushuru pamoja nazo.

Peleka nakala mbili za kila hati zilizothibitishwa na notari, na tafsiri ya Kifaransa kwa zile za Kiingereza. Nilishaona faili likikaa kwa sababu ya neno moja, "mortgage", ambalo mtafsiri aliliruka.

Jihadhari na wanaouza bendera kwenye kompyuta

Mtu akikuambia anaweza kukupa cheti cha usajili kwa siku mbili bila kuiona meli, mwambie asante. Bendera yetu wenyewe ilishachafuliwa hivyo. Nchi yenye pwani ya kilomita karibu 40 tu pale Banana na Muanda ilikutwa na meli za mbali, ambazo hazijawahi kuiona Matadi, zikipeperusha bendera yake kwa vyeti vya bandia, na jambo likafikishwa mbele ya shirika la IMO. Majirani nao wameumia. Mwaka 2012 ilijulikana kwamba meli za mafuta za Iran zilikuwa zimeandikwa Zanzibar kupitia wakala wa ng'ambo, na Tanzania ikazifuta 36. Januari 2018, baada ya meli zenye bendera ya Tanzania kukamatwa na dawa za kulevya na silaha, Rais Magufuli alisimamisha kuandika meli za nje na kuagiza zaidi ya 400 zichunguzwe.

Daftari la nje si ubaya peke yake. Liberia ni nchi ya Afrika na daftari lake ni kati ya makubwa kabisa duniani, ingawa linaendeshwa kutoka jimbo la Virginia, Marekani. Uliza tu: daftari hili likipigiwa simu na bandari, kuna mtu atapokea na kusema meli ni yao?

Mambo mawili ya mwisho ambayo watu husahau

La kwanza ni redio. Meli yenye redio ina utambulisho unaobeba nchi: namba ya tarakimu tisa inayoanza na 676 kwa Kongo, 678 kwa Zambia, 674 kwa Tanzania, na alama ya mwito inayoanza na 9Q kwetu. Ukihama daftari, fundi lazima aibadilishe ndani ya chombo. Vinginevyo siku ya dhoruba utapiga mwito wa dharura, na watakaotafutwa ni maafisa wa nchi uliyoiacha.

La pili ni jina. Usiliguse mpaka hati ya kufutwa iwe mkononi, maana hadi siku hiyo jina la zamani ndilo jina la kisheria. Ikishafika, herufi zilizochomelewa zisagwe kwa grainda mpaka bamba liwe laini, ndipo zichomelewe mpya.

Yule kijana wa Mpulungu alimaliza mwaka mzima. Alilipa sehemu ya deni la mtu mwingine, benki ikaondoa rehani, daftari la Zambia likamfuta, na Kalemie wakamwandika. Alinitumia picha: boti imepandishwa mchangani, fundi amechuchumaa nyuma yake na miwani ya kuchomea, herufi tatu za kwanza za KALEMIE zimeshakaa. Nilimpigia simu nikamuuliza kama alisaga za zamani. Akasema alipitisha kidole mwenyewe.